Jibu: Redio inasikia ripita lakini sisi hatusikiki

Ndugu, umesema redio mpya za kikosi chenu cha uokoaji cha kujitolea zinasikia ripita (kituo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena mbali zaidi) vizuri, ila mkibonyeza kuongea hakuna anayewapata, na peja moja (kifaa kidogo cha kupokea wito) haiiti kabisa.

Kwanza kabisa, chukua redio ya zamani inayofanya kazi, isome kwa kebo kwenye kompyuta na uhifadhi faili la mipangilio yake. Tafadhali usiandike mipangilio yoyote kwenye redio ambayo hujaisoma. Nimeona chaneli zote zikifutika kwa haraka hiyo, na mtu yuko majini anasubiri boti.

Kusikia bila kusikika, mara nyingi kosa ni toni (mlio mdogo usiosikika unaofungua ripita) au masafa (frikwensi) ya kutuma. Ripita hupokea kwenye masafa fulani na kurusha kwenye mengine, kwa hiyo linganisha kila tarakimu na faili la zamani. Toni nayo haina msamaha: ripita ikitaka 100.0 Hz nawe umeweka 103.5, haifunguki hata ukiwa chini ya mnara wake. Toni ya kupokea iache wazi kwanza mpaka mmalize kujaribu. Upana wa chaneli pia ufanane, 12.5 au 25 kHz, la sivyo sauti itafifia au itakwaruza.

Peja, kama ni ya POCSAG (mfumo wa kutuma ujumbe kwa peja), kagua namba yake ya wito na kasi: biti 512, 1200 au 2400 kwa sekunde.

Mkishamaliza, msijaribie ofisini tu. Nendeni bondeni, ndani ya jengo la zege, pale mtakapoitwa kweli.