Wikendi Njema Hupangwa Jumatano

Wanandoa wengi wachanga huichukulia safari ya wikendi kama dawa ya nyumba iliyochoka. Wiki nzima mmekuwa mkipishana mlangoni, vyombo vimelala kwenye sinki, mmoja amenuna tangu Jumanne na mwingine hajui kosa lake, basi mnaona bora mfunge mabegi muondoke. Mimi na mume wangu tunasafiri mara kwa mara wikendi na tunazipenda sana safari hizo, ndiyo maana nataka kulisema hili wazi: safari haiitengenezi nyumba. Mnaondoka nayo. Kama nyumbani kuna mmoja anayekumbuka kila kitu na mwingine anayesubiri kuambiwa, mtakuwa hivyo hivyo huko mwendako, na yule anayekumbuka atarudi Jumapili akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Kwa hiyo nitaanza na kazi za nyumbani, hasa ile isiyoonekana: kazi ya kukumbuka.

Chukua sabuni ya kufulia. Kuna mtu aliyeona Jumatatu kwamba imebaki kidogo. Mtu huyohuyo alijua kwamba nguo za safari zisipofuliwa Alhamisi hazitakauka kufikia Ijumaa usiku, akakumbuka kuwa fulana moja ina doa la kulowekwa kwanza, akanunua sabuni akiwa njiani kutoka kazini. Mwenzake alifua, tena alifua vizuri, na kwa haki kabisa anaamini kuwa kazi ya kufua aliifanya yeye. Mwanasosholojia Allison Daminger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, aliigawa kazi hii ya kichwani katika hatua nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, kisha kufuatilia kama kimefanyika. Aliwahoji wanandoa wa kaya 35, akakuta kwamba kwenye kuamua watu hushirikiana zaidi, lakini kuona mapema na kufuatilia huwaangukia zaidi wanawake. Niliposoma hatua hizo nne nilimwonyesha mume wangu, na mazungumzo yetu ya jioni ile yalikuwa marefu na ya manufaa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kuhusu usafi wa nyumba.

Ndiyo maana sipendi sana maneno "niambie tu nikusaidie nini". Husemwa kwa moyo mzuri, lakini humwachia mwenzako hatua zote nne. Bado yeye ndiye anayeona, anayefikiria na anayefuatilia. Wewe umechukua mikono tu.

Kinachofanya kazi kwetu ni kukabidhiana kazi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nguo ni za mume wangu: sabuni, kuloweka, kufua, kuanika, kuanua, kukunja, na kujua nani atavaa nini wiki ijayo. Chakula ni changu: kujua kilichopo, kununua, kupanga siku za kupika na siku za kula viporo. Bili na matengenezo ni zake. Ratiba ya ndugu, marafiki na miadi ya hospitali ni yangu. Usafi tunaufanya pamoja Ijumaa jioni, muziki ukiwa juu. Mgawanyo wenu unaweza kuwa tofauti kabisa, na kila baada ya muda mbadilishane, hasa kazi ya mmoja inapoelemea. Sharti moja tu: mwenye kazi ndiye mwenye namna yake. Akikunja fulana kwa mtindo usio wako, ziache kabatini zilivyo. Ukizikunjua ukaanza upya, umemwambia kwamba kazi ile haijawahi kuwa yake, na mwezi ujao atarudi kusubiri maelekezo.

Msihesabiane. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anachangia kiasi gani katika shughuli za nyumbani. Majibu ya mume na mke yalipojumlishwa, mara nyingi yalizidi mzigo wote uliopo. Watu hawa hawakuwa waongo. Kila mtu anaikumbuka vizuri kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na ya mwenzake anaiona nusu nusu. Mkianza kupigiana mahesabu ya nani kafanya zaidi, wote mtakuwa na ushahidi wa kweli na wote mtashindwa. Ulizaneni nani amechoka. Hilo lina jibu.

Sasa Jumatano. Sisi huzungumzia wikendi Jumatano baada ya chakula cha usiku, simu zikiwa kando. Tunaondoka au tunabaki? Tukiondoka, fedha ipo? Nani anashughulikia usafiri, nani malazi, nani mabegi? Jumatatu ni mapema mno, wiki bado haijajionyesha. Ijumaa watu wamechoka na kila swali linasikika kama lawama. Jumatano bado kuna muda wa kufua, kuwaarifu ndugu waliotarajia mngewatembelea, na kuacha jambo la ofisini likiwa limefungwa.

Faida nyingine ni kwamba siku mbili za kungoja ni sehemu ya starehe yenyewe. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima 1,530 nchini Uholanzi, 974 kati yao wakiwa wamesafiri likizoni. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo. Waliporudi, tofauti ilitoweka, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya mapumziko hasa. Mimi nachukua mambo mawili hapo. Panga mapema kidogo ili ufurahie kungoja; na safari yenyewe iwe ya kupumzisha, la sivyo hutarudi na kitu. Wanandoa wanaojaza vivutio kumi kwenye siku mbili wanarudi na picha nyingi na miguu inayouma.

Kuhusu fedha sina mengi. Tuna kibubu cha safari, na kila mmoja huchangia kulingana na kipato chake; kugawana nusu kwa nusu wakati mmoja anapata mara mbili ya mwenzake si usawa. Kiasi cha safari tunakubaliana kabla ya kuondoka. Juu ya hapo kila mtu ana fedha yake ndogo isiyoulizwa: akitaka kununua kofia ya tatu, anunue.

Mabegi yanastahili maneno zaidi, kwa sababu Ijumaa usiku ndipo ugomvi mwingi wa safari unapozaliwa. Dawa yake ni begi dogo lisilofunguliwa. Letu linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, lina zipu iliyokwama nusu na kamba ya buluu niliyoifunga ili lisichanganywe na la mtu mwingine. Ndani kuna miswaki ya safari, dawa ya meno, sabuni iliyokatwa vipande, vidonge vya maumivu, plasta, sindano na uzi, tochi ndogo, mfuko wa nguo chafu, na chaja ambayo kazi yake ni hiyo tu, hairuhusiwi kutoka humo hata ya sebuleni ikipotea. Kitu kikiisha, aliyekitumia anakijaza siku ya kurudi. Kwa hiyo Ijumaa tunafunga nguo peke yake, na kila mtu anafunga zake. Hili la mwisho nalisisitiza kwa wanawake wenzangu na kwa wanaume pia: mtu mzima ajifungie nguo zake. Akisahau soksi, atakaa bila soksi, na safari ijayo atakumbuka bila kukumbushwa.

Ondokeni Jumamosi asubuhi. Najua wengi husifia kuondoka Ijumaa mara tu baada ya kazi ili kuokoa muda. Mtu aliyetoka kazini akaingia barabarani moja kwa moja anafika usiku, ana njaa, haelewi mahali alipo, na asubuhi ya Jumamosi mnayoihesabu kuwa mmeiokoa inaishia kitandani. Kuendesha gari ukiwa na usingizi ni hatari ya kweli. Laleni kwenu, amkeni mapema. Sehemu ya kwenda nayo iwe karibu. Safari ya siku mbili ikihitaji zaidi ya saa tatu kwenda, mimi huishauri isubiri likizo ndefu.

Njiani ndipo mahali pa kuangalia mwenzako kwa makini, na hapa nitakaa kidogo. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwachunguza maharusi jinsi wanavyoitikiana kwenye mambo madogo. Mmoja anasema "tazama ndege yule". Mwenzake anaweza kutazama, anaweza kunyamaza, anaweza kumkatisha. Baada ya miaka 6 aliwafuatilia. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikia miito ya namna hiyo kwa asilimia 86, na walioachana kwa asilimia 33. Ndani ya gari au basi miito hii haiishi. "Umeona kile kilima?" "Hebu sikia wimbo huu." "Hivi wale wanajenga nini pale?" Nyumbani miito kama hii humezwa na televisheni na uchovu. Barabarani mko bega kwa bega kwa saa mbili, huna visingizio. Mume wangu husoma mabango kwa sauti, yote, hata ya matairi. Kuitikia si kazi kubwa: geuza shingo, tazama, sema neno. Simu iwe ya ramani na ya dharura. Na anayesoma ramani atoe maelekezo mapema, kwa sauti ya kawaida; kelele za "kata hapa, hapa!" wakati mmeshapita kona huwatia wote wawili hasira bure.

Mkifika, chagueni jambo moja ambalo wote hamjawahi kulifanya. Moja linatosha. Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio waliyofanya na wapenzi: baadhi yao walifungwa pamoja mkononi na mguuni, wakatakiwa kutambaa kwenye mikeka na kuvuka kizuizi huku wakibeba mto kati ya miili yao bila kuushika kwa mikono. Ni mchezo wa dakika chache, lakini waliofanya jambo hili jipya na la kuchangamsha waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliopewa kazi ya kawaida. Jambo jipya halihitaji fedha nyingi. Kupanda kilima, kupiga kasia, kujifunza kuelea majini, kupotea kwa makusudi kwenye mitaa msiyoijua. Muhimu wote muwe wageni wa jambo hilo. Mmoja akiwa fundi na mwingine mwanafunzi, linageuka kuwa somo, na kuna mtu atakayesahihishwa wikendi nzima.

Halafu achianeni saa chache. Mimi hupenda kutembea asubuhi na mapema, mwenzangu hupenda kulala hadi jua liwe kali. Natoka, narudi nikiwa na habari za kumsimulia. Kupendana hakudai kufuatana kila hatua, na asiyependa kuogelea asiburuzwe majini ili picha ikamilike.

Mtakorofishana. Watu wawili waliotoka kwenye mazoea yao, kwenye jua na vumbi, watakwaruzana tu. Utaratibu wetu ni kula kwanza, kisha kulala kama ni usiku, kisha kuzungumza. Mengi huisha kwenye kula. Lakini naomba nieleweke: ninazungumzia mikwaruzano ya watu wanaoheshimiana. Kama kuna matusi, vitisho, kipigo au kunyimana fedha kwa makusudi, usitafute hoteli nzuri zaidi. Tafuta mtu unayemwamini, mshauri au mamlaka, na usalama wako uje kabla ya safari yoyote.

Rudini Jumapili kukiwa bado na mwanga. Nyumba mliyoiacha safi Ijumaa itawapokea vizuri, na mtapata saa mbili tatu za kufungua mabegi, kuloweka nguo na kula taratibu. Begi lisilofunguliwa Jumapili usiku litabaki sakafuni hadi Alhamisi, na kila atakayelipita atamwona mwenzake ndani yake.

Wikendi za kubaki nazo zina heshima yake. Kubaki kusigeuke kuwa wikendi ya kufanya kazi zote zilizolundikana. Tunapobaki, Jumamosi mchana hatufui na hatupigi deki. Tunalala, tunacheza karata, mmoja anasoma na mwingine anaharibu na kutengeneza redio ya zamani mezani. Ikiwa Jumatano mmoja wenu atasema "wiki hii siwezi", asidaiwe maelezo marefu, wala mwenzake asinune hadi Jumapili. Safari iahirishwe, na fedha yake ibaki kwenye kibubu, isihamishiwe kwenye bili.