Jibu: Nataka kununua Toyota IST kutoka yadi ya magari ya Dar, mimi niko Dodoma

Mkuu, usitume hata mia. Uko Dodoma, IST umeiona kwenye video ya WhatsApp, dalali anataka kishika uchumba cha milioni mbili leo leo "lisije likachukuliwa", halafu unatuuliza ukate bima kubwa au ndogo na dereva gani akuletee. Bima ya gari ambalo hujaligusa! Hayo ni ya baadaye.

Dalali wangu mimi alikuwa ananiita "kaka mkubwa". Video kali, injini inaunguruma kistaarabu, boneti inang'aa. Nikasema nataka fundi alikague. "Fundi wetu wa yadi ameshalipitia, kaka mkubwa, lipo freshi." Nikatuma hela yote. Gari likaja linanukia marashi kama bibi harusi. Hapo tu ningejiuliza linaficha harufu gani.

Wiki haijaisha, vioo vinashuka vyenyewe, taa ya eabegi haizimi, likipata moto linazima katikati ya barabara. Fundi umeme wa Kizota, hapa Dodoma, wala hakufungua boneti. Alivuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, na kwenye ile sehemu inayojikunja ndani kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kabisa. Akafunua kapeti: mchanga, reli za viti kutu tupu. Gari lilishazama kwenye mafuriko, sijui ni bonde la Jangwani kule Dar au wapi. Mimi mtoto wa Dodoma kuogelea sijui, gari langu linajua.

Nyaya, alteneta, kontroli boksi... acha tu. Kumpigia dalali, "kaka mkubwa" imegeuka "we nani?" Na mpaka leo anapost magari, tena video zimezidi kuwa kali, mshenzi yule.

Sasa sikia. Fundi awe wa kwako, umlipe wewe, asijuane na yadi. Kama Dar huna fundi, chukua wa hapo hapo Dodoma, panda naye treni ya SGR asubuhi. Nauli ya watu wawili haifiki hata robo ya matengenezo yangu ya umeme. Avute mikanda yote, hata ya nyuma. Afunue kapeti, apime kwa mashine ya kusoma hitilafu, alinganishe namba ya chasi na kadi ya gari. Akishamaliza ndiyo hela itoke, kupitia benki, kwa jina lililoandikwa kwenye kadi, siyo kwa namba ya simu ya "mhasibu wetu".

Na dalali akikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na keshi, mwambie amuuzie.