Mirathi: hii "tusubiri kwanza" yenu ndo inayowamaliza

Assalaam alaykum. Nimechagua maswali machache tu, mengi ya mlotuma nshayajibu, rudini nyuma mkasome.

Baba kafa kaacha wake wawili na watoto. Kila mke anachukua thumuni yake, yaani moja ya nane ya mali?

La. Thumuni ni moja, wanagawana. Hata wangekuwa wanne ni hiyo hiyo.

Baba kaacha nyumba Kikwajuni. Warithi ni mama, wanaume wawili na mie mwanamke. Kaka mkubwa kaipangisha, kodi anakula peke yake, tukiuliza anasema nyumba ya familia haigawiwi. Sasa mama nae keshafariki. Mie nina changu?

Unacho dada'angu, tena usiombe kama anaeomba sadaka. Chukua kalamu. Mali ifanye mafungu 40: mama thumuni yake 5, kila mwanamme 14, wewe 7. Yaani kama kodi ni laki nne kwa mwezi, toka mwanzo ilikuwa mama apate elfu 50, wanaume laki na 40 kila mmoja, wewe elfu 70. Mama alivofariki yale matano yake yakarudi kwenu, maadam hakuacha mrithi mwengine, kwahivyo sasa wao 16 kila mmoja na wewe 8, ambayo ni elfu 80. Hiyo ndo munasakha, mtu anakufa juu ya mirathi isogawiwa, na akifa kesho huyo kaka yako mdogo akaacha mke na watoto basi mke wake ana mafungu mawili ndani ya nyumba ya baba yenu, nae ana haki ya kusema iuzwe. Ndo pale utakapomuona kaka mkubwa analia.

Mie nasema kila siku, mnaambizana tusubiri arubaini ipite, kisha tusubiri alioko Omani arudi, kisha watoto wamalize skuli, na huku warithi wanakufa mmoja mmoja mpaka nyumba ya watu wanne inakuwa ya watu thalathini wasojuana. Nenda Mahkama ya Kadhi, Sheria ya Zanzibar Nam. 9 ya 2017 imeliweka hili mikononi mwake. Kachukue cheti cha kifo, majina ya warithi wote, mashahidi wanaoijua familia, na upite kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu. Kodi alokula nyuma nayo idai. Na akikuletea karatasi ya "kusameheana" utie saini, usitie mpaka uisome yote.

Baba alituita akasema nyumba ni ya mdogo wetu wa kike, tukanyamaza. Ndo basi?

Si basi. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie, na wanaridhia mzee akishakufa. Kunyamaza barazani mbele ya baba'ako ni adabu tu.

Wajukuu ambao baba yao kafa kabla ya babu wanarithi?

Hili nalo! Kila wiki. Akiwepo ami yao, mtoto wa kiume wa huyo babu, hawarithi, basi. Lakini kwa kuwa si warithi ndo babu anaweza kuwaandikia wasia, mpaka thuluthi ya mali, na hilo hamlifanyi kwa sababu mnaona ukiandika wasia unajiitia mauti.

Bibi aliiweka wakfu nyumba ya Mji Mkongwe kwa kizazi chake. Tumepata mteja, tuuze tugawane?

Huuzi. Wakfu haurithiwi wala hauuzwi, mnachogawana ni manufaa kwa masharti aloyaweka mwenyewe. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla hamjala arbuni ya mtu. Na huyo mteja kama anataka hoteli, ajue mji ule ni urithi wa dunia tangu 2000, hata dirisha halibadilishi kwa kujiamulia.

Ami anachuma mikarafuu ya marehemu baba, Wete, Pemba. Anasema ardhi ni ya serikali, haina mirathi.

Nusu kasema kweli, nusu kajisemea. Ardhi yote Zanzibar ni ya serikali toka baada ya Mapinduzi, na Sheria ya Ardhi Nam. 12 ya 1992 imesema hivyo hivyo, lakini haki ya matumizi inarithiwa na miti ina wenyewe. Kama ni eka tatu, yale mashamba yalogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi, ulizieni masharti yake mapema. Ila hukuniambia, kwenu yupo mwanamme? Maana kama marehemu kaacha mabinti tu na baba yake hayupo hai, ami nae ni mrithi, anachukua kinachobakia baada ya mafungu. Akiwepo mtoto wa kiume, ami hana kitu. Na asiwaambie hajui kapata ngapi, karafuu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, zinapimwa kwa kilo, mwambieni aje na risiti.