Ukienda Cao Bang, lala huko

Wageni wengi wa kaskazini mwa Vietnam hukimbilia Sapa na Ha Giang. Cao Bang, mkoa unaopakana na China, huupita. Na wachache wanaofika hutazama maporomoko ya Ban Gioc, wakapiga picha, wakageuza. Nami nilianza hivyo hivyo. Tulifika saa saba mchana, jua la utosi, watu wamejaa, na kabla sijakauka jasho dereva akapiga honi. Mwaka uliofuata nilirudi nikakaa siku nne. Ushauri wangu umetoka kwenye tofauti ya safari hizo mbili.

Kutoka Hanoi hadi mji wa Cao Bang ni takriban kilomita 280 za milima, kisha unabakiwa na saa mbili au zaidi kufika Ban Gioc. Usiku wa kwanza pumzika mjini. Unaofuata, lala Khuoi Ky, kijiji cha kabila la Watay chenye nyumba za mawe, ambako wenyeji hupokea wageni. Maporomoko yako karibu. Nilifika mtoni alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mpunga, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya maji peke yake. Mto Quay Son ndio mpaka: vyelezo vya Vietnam na vya China huelea kwenye bwawa lile lile.

Pango la Nguom Ngao liko jirani. Vaa viatu visivyoteleza.

Nenda Oktoba. Maji bado ni mengi na chestnut (kokwa za kuchoma) za eneo la Trung Khanh huuzwa zikiwa za moto kandokando ya barabara. Miezi ya mvua kubwa sikushauri: Septemba 2024, kimbunga Yagi kilileta maporomoko ya udongo yaliyoua watu wengi mkoani humu. Mwenyeji akikwambia njia si salama, ahirisha.

Kuhusu chakula, asubuhi utapewa banh cuon, chapati laini za unga wa mchele zinazoliwa na supu ya mifupa. Mara nyingi supu hiyo ni ya nguruwe, na nyama inayowekwa ndani ya chapati pia. Kama huli, sema mapema: "không ăn thịt lợn". Bata wa kuchoma wa huko ni mtamu mno.

Lakini mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote ni Phuc Sen, kijiji cha wahunzi wa kabila la Wanung kilicho kwenye barabara hiyo hiyo ya Ban Gioc. Magari ya watalii hupita bila kupunguza mwendo. Wewe shuka. Niliwakuta mume na mke kazini: mume ameshika koleo, mke anashusha nyundo, na chuma chenyewe ni springi ya lori. Nilishtuka kwa furaha, maana wahunzi wa kwetu nao hutengeneza mapanga kwa springi za magari. Hatukuwa na lugha moja, ila nilipoigusa springi nikatikisa kichwa kukubali, mzee alicheka, akanionyesha namna anavyozamisha kisu majini kwa mara moja tu, kisha anasikiliza.

Nunua kisu hapo, kwa mkono wa aliyekitengeneza. Beba fedha taslimu, funga kisu vizuri kwa gazeti, na uwanjani kiwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.