Orodha ya tovuti zinazoaminika imejaa: nianze kuipunguza wapi?

SWALI: Ninasimamia ofisi ndogo ya uhasibu hapa Moi Avenue, Nairobi, yenye kompyuta sita zinazotumia kivinjari cha Firefox pamoja na NoScript, programu-jalizi inayozuia skripti za tovuti mpaka uziruhusu. Kila tovuti inapokataa kufunguka vizuri, wafanyakazi wangu huiruhusu papo hapo, na sasa orodha ya tovuti zinazoaminika imejaa majina ambayo hakuna anayeyafahamu. Niipunguze vipi bila kuvuruga kazi, na je, mashine zote zinaweza kutumia orodha moja?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujafuta jina hata moja, ni vyema tuelewane kwanza kuhusu kile ambacho orodha hiyo inakiamini, kwa kuwa hapo ndipo matatizo mengi huanzia. NoScript, iliyoanzishwa na Mwitaliano Giorgio Maone mwaka 2005, kwa kawaida haijali umefungua ukurasa gani. Inachoangalia ni skripti, yaani kijiprogramu kinachoendeshwa ndani ya ukurasa, imetoka katika kikoa gani, yaani jina la mtandaoni kama google.com. Mfanyakazi wako akiuamini mtandao wa matangazo kwa sababu ukurasa fulani wa habari ulikuwa ukimsumbua, skripti za mtandao huo zitaendeshwa katika kila ukurasa utakaoziita, hata ule ambamo anashughulikia hesabu za mteja. uBlock Origin, programu-jalizi nyingine inayozuia matangazo, hufanya kinyume: jina lililo katika orodha yake ya tovuti zinazoaminika ni la tovuti unayoitembelea, na ukiwa hapo programu hujizima kabisa, hata kwa skripti zinazoletwa kutoka kwingine. Kwa hiyo orodha ya programu moja haifai kunakiliwa katika nyingine, ingawa majina yanafanana.

Chukua mfano wa ukurasa wa malipo wa duka la mtandaoni. Ukibofya alama ya NoScript utaona majina yamepangwa safu kwa safu: kikoa cha duka lenyewe, kikoa cha kampuni inayopokea malipo, google.com na gstatic.com zinazoleta lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, kisha googletagmanager.com na pengine facebook.net. Hayo mawili ya mwisho kwa kawaida yapo kwa ajili ya kufuatilia mienendo ya wanunuzi, na malipo hukamilika bila hayo. Wafundishe wafanyakazi waanze na kikoa cha tovuti yenyewe, wakipe ruhusa ya muda, waache ukurasa ujipakie upya, ndipo waongeze jina la pili ikiwa bado kuna kitu kisichofanya kazi. Ukurasa ukishafanya kazi, wasiongeze kingine. Ruhusa ya muda huondoka kivinjari kinapofungwa, jambo ambalo ofisi nyingi hapa mjini hulisahau kwa sababu hakuna anayekifunga mpaka stima ipotee.

Vikoa vya ufuatiliaji vinavyojirudia kila mahali viwekwe waziwazi katika kundi la visivyoaminika. Faida yake si ya maandishi tu: kitufe kinachoruhusu kwa muda vikoa vyote vya ukurasa hakigusi vile ulivyokwisha kuvikataa, kwa hiyo hata mfanyakazi mwenye haraka akikibofya, madhara yake hupungua. Kwa jina kubwa kama google.com, ambalo huwezi kulikataa wala hupendi liendeshe skripti kila mahali, tumia kiwango cha ruhusa maalumu, kinachokuwezesha kusema kwamba skripti zake zikubaliwe tu unapokuwa katika tovuti fulani. Angalia pia kufuli iliyo kando ya kila jina. Ikiwa ya kijani, ruhusa ni ya HTTPS pekee, yaani muunganisho uliosimbwa ili mtu wa kando asiusome wala kuubadilisha. Ikiwa nyekundu na imefunguka, hata muunganisho usiosimbwa umekubaliwa, na mtu aliye kwenye Wi-Fi moja nawe mkahawani anaweza kupenyeza skripti yake kwa kutumia jina unaloliamini.

Majina yanayonitia wasiwasi zaidi ni ya seva za kusambaza skripti kwa umma. Kuamini cdn.jsdelivr.net au unpkg.com ni kuamini chochote ambacho mtu yeyote amekichapisha katika npm, hazina ya umma ya vipande vya programu, kwa sababu huduma hizo hukisambaza bila kuuliza mwenyewe ni nani. Isitoshe, kikoa hubadilisha mikono. Mwaka 2015 mtafiti mmoja aligundua kwamba zendcdn.net, jina lililokuwamo katika orodha ya kuanzia ya NoScript yenyewe, halikuwa tena na mwenyewe, akalinunua kwa zaidi kidogo ya dola 10. Mwaka 2024 polyfill.io, kikoa cha kusambaza skripti kilichokuwa kikitumiwa na tovuti zaidi ya 100,000, iliuzwa kwa kampuni nyingine, na miezi michache baadaye ikaanza kusambaza skripti hasidi. Walioiweka katika orodha miaka mingi nyuma hawakuwa wamekosea siku ile walipoiweka, na hiyo ndiyo sababu ya kuipitia orodha mara kwa mara.

Sasa usafi wenyewe. Sikushauri uchambue jina moja moja. Kazi hiyo huchosha, na mtu akichoka huacha kila asichokijua. Fungua mipangilio ya NoScript, hifadhi nakala ya orodha ya sasa katika faili, kisha rudisha mipangilio ya mwanzo. Ondoa pia majina yanayokuja na programu ambayo ofisi yako haiyahitaji, kwa mfano netflix.com. Fanya hivyo kwenye kompyuta moja tu, ya mfanyakazi mwangalifu, na umwache aijenge orodha upya kwa kazi halisi: benki zenu, kra.go.ke ya Mamlaka ya Mapato Kenya, barua pepe. Mwache apitie mwisho wa mwezi mzima, maana kuna tovuti ambazo mhasibu huzifungua wakati huo tu. Ile faili ya zamani itakusaidia pale atakapokwama.

Akimaliza, hifadhi orodha yake katika faili na uipeleke kwenye mashine zile nyingine tano. Ni maandishi ya kawaida yanayofunguka katika kihariri chochote, kwa hiyo unaweza kuyasoma kabla ya kuyasambaza. Alama § mbele ya jina inamaanisha ruhusa ya HTTPS pekee. Fahamu kwamba faili hiyo huchukua nafasi ya orodha iliyopo na haiongezi juu yake, hivyo hifadhi kwanza nakala ya kila mashine. Tena usiitume katika kundi la WhatsApp la ofisi, kwa sababu msomaji wake atajua mnatumia benki gani na mifumo gani, na hayo ndiyo mtu anayetaka kuwatumia barua pepe ya ulaghai angependa kuyajua.