Je, bakteria wa tumboni huwa wakali kulingana na asili ya mtu?

Swali: Daktari, mimi na mume wangu tumepimwa, na sote tumekutwa na bakteria wa tumboni, H. pylori. Yeye ana kidonda, mimi sisikii chochote. Asili zetu ni tofauti: ukoo wake umetoka Asia Mashariki, wangu Afrika Magharibi. Nimesoma kwamba jeni za bakteria hawa hutofautiana kati ya makabila, na kwamba wale wa Asia ndio wanaoleta saratani. Ni kweli? Je, tuombe kipimo cha kujua kila mmoja ana aina gani?

Jibu: Dada, ulichosoma kina ukweli, ila kimeishia njiani.

Bakteria huyu humwingia mtu utotoni, mara nyingi kutoka kwa mama au ndugu wa nyumba moja, na asipotibiwa hukaa naye maisha yote. Kwa hiyo hupita kizazi hadi kizazi karibu kama jina la ukoo, ingawa hapiti kwa damu. Watu walipohama, walihama naye. Watafiti walipolinganisha jeni za bakteria kutoka mabara mbalimbali, waliona wanagawanyika katika koo kubwa: wa Ulaya, wa Asia Mashariki, wa Afrika na wengineo. Mwaka 2007 ilikadiriwa kuwa walitoka Afrika pamoja na binadamu miaka 58,000 hivi iliyopita. Kabila, basi, ni njia ya mkato tu ya kukisia mtu alilelewa na nani. Mtoto aliyelelewa na familia ya asili nyingine anaweza kabisa kubeba bakteria wa walezi wake. Nanyi wawili, huenda kila mmoja alikuja kwenye ndoa na wa kwao.

Kuhusu ukali, jeni inayotajwa sana ni cagA. Inatengeneza protini ambayo bakteria huidunga ndani ya seli za ukuta wa tumbo kwa kifaa kinachofanya kazi kama sindano. Ikishaingia, hukamata kimeng'enya kinachoitwa SHP2, ambacho kazi yake ni kuongoza ukuaji wa seli, na kukivuruga. Protini ya bakteria wa Asia Mashariki ina kipande kinachokamata kimeng'enya hicho kwa nguvu zaidi. Isitoshe, karibu bakteria wote wa huko wana jeni hiyo, ilhali kwingineko baadhi yao hawana. Ukoo mmoja wa kusini mwa Afrika kwa kawaida hauna kabisa. Hapo ndipo hofu uliyoisoma ilipoanzia, na haikuanzia hewani: Japani, Korea na China zina saratani nyingi ya tumbo.

Lakini kuna mfano wa Kolombia ambao mimi hupenda kuwasimulia wanafunzi. Katika mkoa wa Nariño, watu wa Tumaco pwani na wale wa Túquerres milimani wameambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana, lakini saratani ya tumbo milimani ni takriban mara 25 ya pwani. Watu wa pwani wengi wana asili ya Afrika. Wa milimani wengi ni wa asili ya wenyeji wa Amerika. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulipima jeni za pande zote mbili, za watu na za bakteria. Bakteria wenye asili ya Kiafrika, ndani ya watu wenye asili ya Kiafrika, walifanya madhara madogo. Sehemu hiyo hiyo ya asili ya Kiafrika, ikikutwa ndani ya bakteria wa watu wa milimani, iliambatana na majeraha mabaya zaidi ya ukuta wa tumbo. Yaani mpangaji na mwenye nyumba waliozoeana kwa maelfu ya miaka huvumiliana. Wakichanganywa upya, ugomvi huanza. Kwa hiyo swali la “aina ipi ni mbaya” halina jibu mpaka useme imo ndani ya nani. Na bado sijataja chumvi na sigara, ambavyo vyote huongeza hatari.

Tena, hizo ni habari za makundi. Kati ya walioambukizwa, takriban mmoja kwa kumi hupata vidonda, na watu 1 hadi 3 kwa 100 hupata saratani. Tofauti yako na mumeo ni ya kawaida hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Kipimo cha aina sikishauri. Kipo katika maabara za utafiti, lakini jibu lake halibadilishi dawa mtakayopewa. Mtu mzima akikutwa na H. pylori hutibiwa, awe na cagA au asiwe nayo. Mabadiliko ya jeni ya bakteria yenye faida kuyajua ni yale yanayomfanya awe sugu kwa klarithromaisini, moja ya antibiotiki zinazotumika kumtibu. Dawa ikishindwa mara moja, ulizeni kipimo cha usugu huo.

Kwa mume wako, ulizeni kidonda kiko wapi. Kikiwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hatari ya saratani ya tumbo kwa kawaida huwa ndogo, hata kwa mtu wa asili yake. Kikiwa ndani ya tumbo lenyewe, lazima vinyama vichukuliwe kwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na vichunguzwe. Kama mzazi au ndugu yake aliwahi kuugua saratani ya tumbo, mwambieni daktari. Habari hiyo ina uzito kuliko kabila.

Mkimaliza dozi, msiridhike kwa sababu maumivu yameisha. Rudini kupimwa baada ya wiki 4 au zaidi, kwa kipimo cha pumzi au cha choo, mkiwa mmeacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki 2. Kipimo cha damu hakifai hapo, kwa sababu kingamwili hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa.