Machaguo, chaguzi, na hii "hufanya" ya kwenye miongozo

Msomaji anatafsiri maelezo ya QEMU, ile emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nzima, sehemu ya kudibagi (kusaka makosa ya programu), anauliza zile -s, -S, -d za kwenye mstari wa amri aziite machaguo au chaguzi.

Ziite machaguo. Imetoka kwenye chagua, chaguo moja, machaguo mengi, basi. Chaguzi ni wingi wa uchaguzi, mambo ya kura, ila watu wameshaizoea kwenye kompyuta na mi nimechoka kugombana nao.

Kilichonikera ni sentensi aliyoileta kama mfano: "Chaguo -S hufanya prosesa kutoanza." Jamani! Hii hufanya-kutoanza iko kila mwongozo ninaofungua na ni Kiingereza kitupu kilichoandikwa kwa maneno yetu. Mtoto analala, wewe unamlaza, nani anasema umemfanya mtoto kulala? Gari linasimama, unalisimamisha. Lugha imetupa vitenzi vya kazi hiyohiyo halafu tunaviacha tunakimbilia hufanya, hufanya, hufanya. Andika "-S huizuia prosesa isianze mpaka uiruhusu", hapo mtu anaelewa mashine ipo tayari, haijatekeleza hata amri moja, inasubiri uandike c kwenye monita (si skrini, ni sehemu ya kuipa QEMU amri) au kwenye GDB, programu ya kudibagi. Ile "hufanya kutoanza" inamwacha anadhani kitu kimeharibika, anaenda kutafuta kosa ambalo halipo.

Vivyo hivyo -no-reboot: "huifunga emuleta badala ya kuiacha ijiwashe upya", na ndicho anachokitaka mtu ambaye keneli yake, kile kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaanguka na kuwaka tena bila kukoma, akiongeza -d int na -D yenye jina la faili anakuta kila intarapti, ishara inayoikatiza prosesa, imeandikwa humo, anasoma ya mwisho kabla ya kuanguka.

Ukikwama kabisa sema "hufanya prosesa isubiri", hiyo naikubali, i- ya isubiri inaonyesha nani anasubiri. "Kusubiri" haina mwenyewe.

Halafu ni chaguo LA -S, usiile hiyo la. Na usianze sentensi na -s ndogo, maana mhariri ataipa herufi kubwa na itakuwa chaguo lingine: -s hufungua poti 1234 ili GDB iunganishwe, haizuii chochote, mashine inaendelea kukimbia wakati msomaji wako anasubiri isimame.